Sahani ya Kwanza ya Uyoga

Mzee aliyenifundisha upishi hakujua kusoma, lakini kulikuwa na kitabu kimoja alichokijua kama padri anavyoijua misale yake. Kilikuwa daftari la mapishi lenye jalada la kijivu, mali ya Madamu wake wa kwanza, na lilikaa wazi juu ya meza ya jikoni kila alipopika. Ama Madamu alisoma na yeye akapika, ama yeye alipika na Madamu akaandika. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mzee alishikilia hilo la pili.

"Miye nilikuwa napika, yeye anaandika," alisema. "Mule ndani muko jina yangu."

Alisema hivyo kila Jumapili alasiri, kule mtaa wa Katuba, nyuma ya nyumba ya mwenzetu mmoja ambaye mke wake alitengeneza munkoyo, kinywaji kitamu cha mahindi. Tulikuwa wapishi sita, pengine saba, wote wa nyumba za wazungu mjini, baiskeli zetu zimeegemezwa ukutani. Sisi tulikaa juu ya masanduku. Mzee alikaa kwenye kiti chenye mgongo, kilikuwa kimoja tu, na hakuna aliyekigusa hata siku alipochelewa. Alikipata kwa sababu ya hadithi yake.

Hadithi yenyewe ni hii. Zamani, mji wetu wa Élisabethville bado ni mabati na vumbi, Madamu yule alifika kutoka Ulaya, kijana, hajui kitu. Mvua zikaanza, uyoga wa manjano ukatoka msituni, na mzee, ambaye siku zile hakuwa mzee, akaleta kapu limejaa. Akapika kanga na uyoga ule, vitunguu, na siagi ya kopo. Chakula kilipoiva Madamu akateremsha sahani. Si ya bati. Ilikuwa ya kaure, yenye maua, iliyosafiri kwa meli ndani ya majani makavu. Akamkalisha mpishi wake mezani pale jikoni, akampakulia kwa mkono wake, akasimama kumwangalia akila.

"Mbele ya Bwana," mzee alisema. "Mbele ya bageni. Nani kati yenu amekula mbele ya Bwana yake, ku sahani ya maua?"

Tulipeana munkoyo, naye akaendelea.

"Na asubui, yeye mwenyewe anakuya ku mulango ya jiko. Ananiuliza: Ulilala muzuri? Madamu gani anaulizaka boi yake kama amelala muzuri?"

"Wangu ananiulizaka kama nimelala sana," alisema mpishi wa daktari, tukacheka. Huyu ndiye aliyekuwa mbishi wetu. Alimtaka mzee aonyeshe hilo daftari. Mzee akasema Madamu alikufa na vitu vyake vikapelekwa pasipojulikana. "Basi jina yako nayo imekufa," akasema mpishi wa daktari. Ikawa hivyo kila Jumapili: mzee anasimulia, huyu anachokoza, na sisi tunakunywa.

Lazima niseme hapa, maana nisiposema nitakuwa nimeficha, kwamba mzee alikuwa mwalimu mkali. Alinipiga kwa upawa. Nyuma ya mkono wangu wa kushoto lipo kovu la sukari ya moto aliyonimwagia nilipounguza karameli mara ya pili. Alisema sufuria iliteleza. Huenda iliteleza kweli. Nalitaja kwa sababu sijui bado kama lilikuwa na sehemu yake katika niliyoyafanya.

Mwaka mmoja Madamu wangu aliamua kuwafanyia karamu wazungu wa zamani, wale waliofika mji ukiwa mchanga. Alitaka waone mezani vyakula walivyokula siku zile. Rafiki yake akamwambia kwamba katika maktaba ya wazungu kuna kabati linalofungwa kwa ufunguo, lina vitabu vya mapishi vya kale na madaftari ya wake wa wazungu waliokufa au kurudi kwao. Madamu akaenda mara moja, vumbi likampigisha chafya, akarudi. Akaniandikia barua, akanituma mimi. Nilikuwa na miaka minne ya shule ya misioni, na mwandiko wangu aliusifu mara mbili.

"Nakili yote," aliniambia. "Usiache hata koma."

Niliyaandika maneno hayo siku ileile, kwa hiyo nina hakika nayo.

Nilimwambia mzee ninakokwenda. Akanishika mkono, ule wenye kovu.

"Kama ni lile, utalijua. Ku ukurasa ya kanga kuko doa ya mafuta, sawa sikio ya mutu. Ile doa ni yangu. Nilipanguza kidole." Halafu akasema, "Tafuta jina. Unisomee mbele ya bote."

Maktaba ilikuwa nyumba baridi yenye sakafu ya vigae. Mzungu mwanamke aliyeitunza aliisoma barua mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Akanipeleka nje kwenye bomba, nikanawa kwa sabuni mbele yake, nikamwonyesha viganja, kisha nikageuza nikamwonyesha na upande wa pili. Kiti hakunipa, alinipa sanduku karibu na mlango. Wino alikataa, akaniruhusu kalamu ya risasi. Kurasa alizifunua yeye, kwa ncha ya rula, na mimi niliinamisha kichwa kila nilipomaliza. Baada ya saa moja alichoka, akaniachia nifunue mwenyewe. Siku ya pili nilikuta amenichongea kalamu. Nalisema hilo pia.

Vile vitabu vilinifurahisha, siwezi kukana. Kimoja cha chapa, kirefu kama mlango wa kabati, kilifundisha kuoka sungura. Pembeni mtu ameandika kwa mkono kwamba huku sungura hakuna, chukua mguu wa swala mdogo, uulaze katika siki. Kingine kilisema unga wa dukani uchekechwe mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya fukusi, mara ya pili kwa ajili ya fukusi wadogo. Nilijifunza pale namna ya kutengeneza siki kwa mapapai. Naitumia mpaka leo.

Daftari la kijivu lilikuwa la mwisho kwenye rafu ya chini. Nililifungua polepole, ukurasa baada ya ukurasa, na doa likatokea. Sikio la mtu, kabisa, hata na ndewe yake. Mafuta yalikuwa yamepenya kurasa tatu. Nikafurahi kiasi kwamba yule mwanamke alinitazama juu ya miwani. Nikasema moyoni, mzee hakusema uongo.

Nikasoma. Ninaweka hapa kwa Kiswahili yale niliyonakili kwa Kifaransa:

"Kanga na uyoga wa msituni. Boi anajua mahali unapoota na namna ya kuupika. Kwanza nilimpa mbwa, akakataa. Basi mpe boi sahani kamili, si kijiko, maana kwa kijiko anaweza kudanganya. Mpe katika sahani nzuri. Inampendeza na hakatai. Simama mpaka amalize. Usiwape wengine siku hiyo. Ngoja mpaka asubuhi. Akiwa mzima, pika ya mezani."

Chini yake kulikuwa na mstari mdogo wa wino tofauti: wiki hiyo, nyumba ya tatu kutoka kwake, walizika mtoto aliyekula uyoga.

Niliusoma mstari ule mara nyingi. Nataka nimtendee haki mwanamke yule. Alikuwa kijana, peke yake, ameona jeneza dogo. Mtu mwenye hofu humshika aliye karibu, na aliyekuwa karibu ni mpishi. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa na nyumba, na mpishi, na watoto, sijui.

Kisha nikatafuta jina. Nilipitia daftari lote, mbele na nyuma, hata ndani ya jalada. Boi. Boi. Boi wa jikoni. Mahali pamoja tu, penye keki ya ndizi, aliandika: "yule mrefu anaifanya vizuri kuliko mimi." Mzee ni mrefu. Nikanakili na hilo.

Mistari ya mbwa nayo nikainakili. Niliambiwa nisiache hata koma. Hiyo ndiyo sababu yangu, na ninapoiandika inaonekana nyembamba.

Jumapili mzee alikuja na tai. Alivaa juu yake koti lake jeupe la mpishi, lile la vifungo vya shaba, lilikuwa limepigwa pasi. Wote walikuwapo. Hata mke wa mwenye nyumba aliacha chungu akaja kusimama mlangoni.

"Soma," mzee akasema.

"Baba, mimi naweza kukuya kwako nyumbani, tusome polepole."

"Hapana. Hapa. Juu ya huyu mwenye kubisha, asikie."

"Nimefungua masikio, Muzee," akasema mpishi wa daktari. "Nimeosha na shingo."

Ningeweza kuruka. Ningesoma vitunguu na siagi, kisha ile ya yule mrefu na keki, na mzee angekufa na kiti chake. Ningependa kuandika kwamba mpishi wa daktari, anayejua Kifaransa kidogo, alikuwa akichungulia begani kwangu. Hakuwa. Alikaa mbali, karibu na baiskeli, na miwani hana. Nilisoma yote kwa hiari yangu, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya shule, nikisimama penye nukta.

Nilipofika kwa mbwa, mmoja akakohoa. Nilipofika kwenye sahani nzuri, kikapasuka kicheko.

"Mbwa alikataa, Muzee, weye ukakubali!"

"Na sahani ya maua! Mbwa hakupewa ya maua!"

"Mupishi gani? Ulikuwa mbwa ya pili!" Huyo ni mpishi wa daktari, amesimama kabisa, anajipiga paja. "Nadanganya? Mbwa ya kwanza njo alikuwa na akili!"

"Nyamazeni," akasema mwanamke mlangoni. Hawakumsikia.

Mimi sikucheka. Lakini nilihisi kitu kifuani chepesi kama kicheko, na nikakimeza.

Mzee hakuwatazama. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, kama mtu anayesikiliza chungu kama kimechemka.

"Soma tena pale pa asubui."

Nikasoma. Ngoja mpaka asubuhi. Akiwa mzima, pika ya mezani.

"Eee," akasema. "Njo maana alikuwa ananiuliza kama nimelala muzuri."

Alisema hiyo 'ndiyo maana' yake taratibu, bila hasira. Kicheko kikaisha chenyewe. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa ameisikia ile ya asubuhi mara mia, na hakuna aliyekuwa ameiweka pamoja na ile ya sahani mpaka alipoiweka yeye. Kisha nikakumbuka kwamba katika hadithi zake zote Madamu aliuliza wakati wa mvua tu. Kiangazi hakuna uyoga.

"Na jina?" akaniuliza.

"Haiko, Baba. Iko 'boi'. Na fasi moja iko 'yule mrefu', ku keki ya ndizi. Anasema unaifanya muzuri kupita yeye."

"Yule mrefu," akasema. "Njo miye."

Akasimama. Alifungua vifungo vya shaba kimoja kimoja, akavua koti, akalikunja, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira. Akaondoka akiisukuma, hakuipanda. Jumapili iliyofuata hakuja. Mpishi wa daktari alizunguka kile kiti mara mbili kwa mzaha, kisha akakikalia. Tukaendelea kunywa.

Nilimpelekea Madamu wangu karatasi zangu. Alizisoma barazani, akacheka penye mbwa, kisha akaacha kucheka akarudia kusoma. Akataka kanga ile ile kwa karamu. Akaniuliza nani bado anaujua uyoga wa msituni vizuri. Nikamtaja mzee. Nilifikiri itakuwa heshima kwake kupikia tena wazungu wale wale, wakati mji mzima wa wapishi unamcheka. Au nilitaka kunawa mikono. Sina hakika, na nimejiuliza mara nyingi.

Mzee alikubali, jambo ambalo sikulitegemea. Alikuja siku moja kabla ya karamu, na kapu limefunikwa majani mabichi. Hakunisalimu. Alisafisha uyoga mmoja mmoja kwa manyoya ya kuku, kama alivyonifundisha, maana maji huuharibu, akapika chungu kidogo cha kujaribu. Harufu ikajaa nyumba.

Madamu akaingia na karatasi mkononi. Ilikuwa ya mwandiko wangu. Na kwa mkono mwingine alishika sahani kutoka kabati la wageni, ya kaure, yenye maua ya buluu.

Mwaka uliotangulia Madamu wangu huyu alikula uyoga niliomnunulia kwa akina mama wa sokoni, akaula siku ileile, bila kuuliza lolote. Naapa hivyo. Jambo hili hakuwa nalo kichwani. Mimi ndiye niliyemletea, na koma zake zote.

Akampakulia mzee, akavuta kiti. "Kaa, kula," akamwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Sawa zamani."

Mzee akaweka mikono nyuma. "Madamu, miye ni muzee. Tumbo ya muzee inaweza kuharibika bule, halafu Madamu atafikiri ni buyoga, karamu itakufa. Mupatie huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Yeye njo aliandika."

Madamu akafikiri, akaona ni maneno ya akili. Akaisukuma sahani upande wangu.

Nikakaa. Nilikuwa sijapata kukaa kwenye meza ile. Madamu alisimama kulia kwangu na mzee kushoto, mgongo kwenye jiko, akinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mwanafunzi wake, akisubiri nikosee. Chakula kilikuwa kizuri, na hilo pia ni haki yake kuandikwa. Katikati ya sahani niliona uyoga mmoja mweupe kuliko mwingine wote, umanjano wake umefifia, na mimi nilisahau kama alinifundisha kuhusu huo au hakunifundisha. Nikainua macho kwake.

Alikuwa anatazama dirisha.

"Mbwa alikataa," akasema kwa sauti ndogo ambayo Madamu hakuijali. "Weye usikatae."

Nikaula. Nikamaliza sahani, nikapanguza mchuzi kwa mkate. Madamu akahakikisha, akatoka. Mzee akaosha vyombo vyake, akaning'iniza upawa mahali pake, akaenda. Kesho yake hakurudi. Kanga ya karamu niliipika mimi kwa kufuata karatasi yangu.

Lakini kabla ya kuipika ilikuja asubuhi. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimesikiliza tumbo langu tangu jua kuzama, nikimwomba Mungu, nikiuona ule mweupe. Nilikuwa nawasha jiko niliposikia ndara. Madamu hakufika jikoni kamwe kabla ya kahawa yake. Alisimama mlangoni kwa kanzu ya kulalia, nywele zimefungwa kitambaa, uso wake bado una alama ya mto.

"Ulilala muzuri?" akaniuliza.

Nilijua kwa nini anauliza. Nilikuwa nimeiandika sababu kwa mkono wangu na kuisoma kwa sauti mbele ya watu. Hakuna mtu Élisabethville nzima aliyeijua kuliko mimi, ila mmoja. Na ninaandika kama ilivyokuwa: nilifurahi. Joto lilinipanda mpaka masikioni, nikaweka chini kuni, nikasimama wima.

"Ndiyo, Madamu," nikasema. "Nimelala vizuri sana. Na Madamu?"

Alikuwa amekwisha kugeuka. Nilimsikia barazani akimwambia Bwana kwa Kifaransa kwamba boi ni mzima, wanaweza kuendelea. Nami nilikuwa bado nimesimama pale, wima, na furaha ile haikutaka kuondoka.